Abraham de Moivre, Mkimbizi Aliyeihesabu Bahati

Wanafunzi wa madarasa ya juu hulijua jina la De Moivre kwa sababu ya kanuni moja ya pembe na namba changamano. Huinakili katika madaftari, huitumia katika mtihani, kisha huisahau pamoja na jina la mwenyewe. Ni wachache wajuao kwamba mtu huyo alikuwa mkimbizi, kwamba alifungwa kwa ajili ya dini yake angali kijana, na kwamba hakupata kazi ya kudumu maisha yake yote. Tena kazi yake iliyo kubwa kuliko zote haikuwa kanuni ile, bali ilikuwa elimu ya kupima bahati. Katika kurasa hizi nitasimulia maisha yake. Tutakapofika kwenye elimu yake, nitaieleza kwa mifano ya tarakimu tunazoziona kila siku hapa Gisozi, ili kila msomaji aweze kuijaribu mwenyewe.

Utoto wake

Abraham de Moivre alizaliwa tarehe 26 Mei 1667 katika mji wa Vitry-le-François, upande wa mashariki ya Ufaransa. Baba yake alikuwa tabibu mpasuaji. Hakuwa tajiri, lakini aliithamini sana elimu. Watu wa nyumba hiyo walikuwa Waprotestanti, nao Waprotestanti walikuwa wachache katika nchi iliyojaa Wakatoliki. Ulinzi wao ulikuwa amri iliyotolewa na Mfalme Henri wa Nne katika mji wa Nantes mwaka 1598, iliyowapa ruhusa ya kuabudu kwa namna yao.

Mtoto Abraham alisoma kwanza kwa walimu Wakatoliki wa mji wake. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipelekwa Sedan, kwenye chuo cha Waprotestanti, akajifunza Kiyunani. Lakini serikali ilikwisha kuanza kuwabana watu wa dini hiyo, na baada ya miaka michache chuo kile kikafungwa. Akahamia Saumur. Huko alitakiwa kusoma mantiki, lakini kwa siri ya moyo wake alipenda hesabu. Akapata kitabu kidogo cha Mholanzi Christiaan Huygens juu ya michezo ya dadu, kilichotolewa mwaka 1657, akakisoma peke yake bila ya mwalimu. Hakukielewa chote. Hata hivyo kitabu kile kilitia mbegu ambayo ilikuja kuota miaka mingi baadaye, katika nchi nyingine kabisa.

Mwaka 1684 alikwenda Paris, akafundishwa hesabu na Jacques Ozanam, mwalimu mashuhuri wa siku zile. Kijana alikuwa na miaka 17, na njia ilionekana kufunguka mbele yake.

Kufukuzwa

Njia hiyo ilifungwa mwaka uliofuata. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa Kumi na Nne aliifuta amri ya Nantes. Makanisa ya Waprotestanti yakabomolewa, shule zao zikafungwa, na wachungaji wao wakaamriwa kutoka katika nchi. Watu wengine walikatazwa kutoka, wakalazimishwa kubadili dini. Hata hivyo wengi walitoroka usiku kwa usiku, kwa miguu na kwa mashua. Hukadiriwa kuwa watu wapatao 200,000 waliihama Ufaransa katika miaka ile, wakaenda Uholanzi, Ujerumani, Uswisi na Uingereza.

De Moivre mwenyewe aliwekwa kizuizini katika nyumba ya watawa ya Saint-Martin mjini Paris, ili afundishwe mpaka akubali kugeuka. Hakugeuka. Alipotoka humo aliiacha nchi yake, akafika London akiwa na umri wa miaka kama 20, pamoja na ndugu yake. Hakurudi kukaa Ufaransa tena.

Sisi tunaoishi katika kilima hiki cha Gisozi hatuna haja ya kuelezwa kwa maneno mengi ni nini kinachoweza kuanza siku serikali inapowatenga watu wake wenyewe na kuwaita maadui. Ukumbusho uliofunguliwa hapa mwaka 2004, walipozikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, hutueleza kila siku. Wala habari ya ukimbizi si ngeni kwetu. Wengi wa wanafunzi wetu wa zamani ni watoto wa watu waliokimbia tangu mwaka 1959, wakakulia Uganda, Burundi, Tanzania au Kongo. Mambo hayo hayalingani kwa ukubwa na yale ya Ufaransa, wala sitaki kuyalinganisha. Nasema tu kwamba msomaji wa Gisozi anaweza kumwelewa upesi kijana wa miaka 20 aliyefika katika mji wa kigeni, mfukoni hana kitu, na mali yake yote imo kichwani.

Mwalimu wa kutembea

Kazi pekee aliyoipata De Moivre huko London ilikuwa kufundisha watoto wa matajiri nyumbani kwao. Alitembea kutoka mtaa mmoja mpaka mwingine mchana kutwa, saa moja hapa, saa moja pale. Ujira wake ulikuwa mdogo, na muda mwingi ulipotea njiani.

Siku moja alikuwa katika nyumba ya bwana mkubwa mmoja, akakiona kitabu kipya cha Isaac Newton juu ya mwendo wa vitu na sayari, kilichotolewa mwaka 1687. De Moivre alijiona kuwa mtu aliyekwisha kuzijua hesabu. Akakifungua, akatambua kuwa hakuna aliloweza kulielewa mara moja. Wengine wangekirudisha mezani na kusema kuwa ni kigumu. Yeye alikinunua. Kisha, kwa kuwa kitabu kilikuwa kikubwa na muda wa kukaa kitako hakuwa nao, alizirarua kurasa zake, akawa anatia chache mfukoni kila asubuhi na kuzisoma njiani kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine. Kwa njia hiyo alikimaliza kitabu kilichowashinda watu wengi waliokuwa na nafasi, meza na taa.

Mwaka 1692 alijuana na Edmond Halley, mtaalamu wa nyota. Halley alimfikisha kwa Newton na kwa wataalamu wengine, na mwaka 1697 De Moivre alichaguliwa kuwa mmoja wa Chama cha Kifalme cha London, baraza kuu la wataalamu wa Uingereza. Mwaka 1712 chama hicho kilimtia katika kamati iliyochunguza ugomvi mkubwa kati ya Newton na Mjerumani Leibniz, kila mmoja akidai kuwa ndiye aliyeanza hesabu za mabadiliko.

Heshima aliipata, lakini kazi hakuipata. Alitamani kuwa mwalimu wa chuo kikuu, na marafiki wakubwa walimsemea, lakini nafasi zilikwenda kwa wengine. Alikuwa mgeni. Akaendelea kutembea nyumba kwa nyumba mpaka uzee wake. Jioni alikaa katika mkahawa mmoja ulioitwa Slaughter's, katika mtaa wa St Martin's Lane. Wacheza kamari walimfuata pale na maswali yao ya dadu na karata. Wenye kuuza na kununua haki za malipo ya kila mwaka walimfuata pia. Aliwapigia hesabu, nao wakampa fedha kidogo. Kutokana na maswali hayo ya mkahawani kikatoka kitabu kikubwa.

Kitabu cha bahati

Kwanza alitoa maandishi kwa Kilatini, yaliyochapwa katika jarida la Chama cha Kifalme la mwaka 1711. Mwaka 1718 alikitoa kitabu chenyewe kwa Kiingereza, juu ya elimu ya mambo ya bahati, akamtunukia Newton. Kilipigwa chapa tena mwaka 1738, kikiwa kimeongezwa sana. Husimuliwa kwamba Newton katika uzee wake, alipofuatwa na watu wenye maswali ya hesabu, aliwaelekeza kwa De Moivre na kuwaambia kuwa bwana yule ayajua mambo hayo kuliko yeye.

Mafundisho ya kitabu yana misingi mitatu ambayo hata mwanafunzi wa darasa la chini aweza kuishika. Kwanza, uwezekano ni sehemu: huhesabiwa njia zinazoleta jambo, zikagawanywa kwa njia zote zilizopo, ikiwa njia hizo ni sawasawa. Pili, mambo mawili yanapofuatana, sehemu zao huzidishwa. Lakini angalia: kama la kwanza limebadilisha hali ya la pili, basi sehemu ya pili ihesabiwe upya. Tatu, jambo likiwa gumu kulihesabu, lihesabu lile lililo kinyume chake, kisha ulitoe katika moja.

Yeye aliyaeleza hayo kwa dadu, karata na kura. Mimi nitayaeleza kwa namba za magari.

Namba za magari ya Gisozi

Simama penye barabara karibu na Gakiriro, mahali wanapouza mbao, vitanda na vifaa vya kujengea. Yatazame magari na pikipiki zinazopita. Namba ya kawaida ya gari la Rwanda ina tarakimu tatu katikati ya herufi. Nyingine zina tarakimu mbalimbali, kama 482. Nyingine zina tarakimu iliyorudiwa, kama 323, 557 au 888. Swali ni hili: katika magari 100, tutarajie mangapi yenye tarakimu iliyorudiwa?

Watu wengi hujibu kuwa ni 10 au pungufu. Basi tufuate msingi wa tatu, tuhesabu kinyume, yaani namba zisizo na marudio. Tarakimu ya kwanza yaweza kuwa yoyote katika 10. Ya pili isifanane na ya kwanza, kwa hiyo zimebaki 9. Ya tatu isifanane na hizo mbili, zimebaki 8. Zidisha 10 kwa 9 kwa 8, jawabu ni 720. Namba zote za tarakimu tatu, tangu 000 hata 999, ni 1,000. Basi 720 hazina marudio, na 280 zinayo. Jawabu ni 28 katika 100. Hakuna gari lenye 000, lakini hilo halibadilishi jawabu kwa kiasi cha kuonekana.

Sasa ongeza tarakimu moja. Chukua namba ya siri ya tarakimu nne, iliyochaguliwa ovyo bila kupendelea. Zidisha 10 kwa 9 kwa 8 kwa 7, utapata 5,040 katika 10,000. Kwa hiyo zenye marudio ni 4,960, karibu nusu kamili. Kwa tarakimu tano marudio huwa karibu 70 katika 100. Kwa sita huwa karibu 85, na kwa saba karibu 94. Kwa tarakimu kumi, zisizo na marudio ni 36 tu katika kila 100,000. Kwa kumi na moja hakuna hata moja, maana tarakimu zenyewe ni kumi tu. Ndiyo sababu kitambulisho cha Rwanda, chenye tarakimu 16, hakiwezi kukosa marudio hata kama mtu angetaka.

Saba na tano

Hapa pana jambo ambalo huwapoteza watu wengi, nalo De Moivre alilishughulikia mapema katika kitabu chake. Aliuliza: ikiwa jambo fulani hutokea mara moja katika kumi, nijaribu mara ngapi ili nipate nusu kwa nusu ya kulipata? Mtu wa haraka husema mara tano, kwa kuwa tano ni nusu ya kumi. De Moivre alionyesha kuwa si hivyo. Idadi ya mara hupatikana, kwa kukadiria, kwa kuzidisha na 0.7. Basi kwa moja katika kumi ni mara 7.

Tuijaribu. Chagua tarakimu moja unayoipenda, tuseme 4. Uwezekano wa kuikosa mara moja ni 0.9. Kuikosa mara sita mfululizo ni 0.53, yaani bado kukosa kunazidi. Kuikosa mara saba ni 0.48, na sasa kupata kumezidi. Kweli ni saba.

Linganisha hili na yale ya juu. Ili upate tarakimu uliyoitaja wewe, wahitaji mara 7 ndipo uvuke nusu. Ili upate tarakimu yoyote iliyojirudia, wahitaji tarakimu 5 tu, nazo hukupeleka mpaka 70 katika 100. Tofauti ni neno moja: ile niliyoitaja, au yoyote. Ukiitaja mapema, njia ni chache. Ukisema yoyote, njia ni nyingi, kwa kuwa kila mpya inaweza kufanana na kila iliyotangulia.

Kwa sababu hiyo hiyo, katika watu 23 waliokusanyika ovyo, uwezekano wa kuwapo wawili wenye siku moja ya kuzaliwa huzidi nusu kidogo, na katika darasa la watoto 40 ni karibu 89 katika 100. Lakini ukitafuta mtu aliyezaliwa siku yako wewe, wahitaji watu 253 ili ufikie nusu. Swali hili la siku za kuzaliwa liliandikiwa makala mwaka 1939 na Richard von Mises akiwa Istanbul. Naye alikuwa mkimbizi, aliyeondoka Berlin mwaka 1933 Hitler alipotawala.

Watu wasioijua tofauti hii huona miujiza kila mahali. Mtu amepanda pikipiki yenye namba 414, amepewa risiti yenye 414, basi husema siku hiyo ina jambo. Hakuitaja 414 asubuhi. Ingekuwa 207 mara mbili angesema vile vile. Katika siku moja tunaziona namba mamia, na jambo la ajabu lingekuwa kutoona marudio hata kidogo.

Bahati si mtu

De Moivre alifundisha kuwa bahati, kama maana yake ni nguvu fulani inayomfuata huyu na kumkimbia yule, ni neno tupu. Dadu halikumbuki lilivyoanguka jana. Sarafu iliyoonyesha upande mmoja mara tano haina deni la kuonyesha upande wa pili. Aliandika hayo akiwa katikati ya wacheza kamari, watu waliomlisha kwa maswali yao, wala hakuwaficha.

Maneno hayo yanatuhusu. Siku hizi Kigali pana nyumba nyingi za kubashiri matokeo ya mpira, na vijana huingia humo na fedha za nauli, hata za ada ya shule. Tuchukue mfano mdogo. Tuseme mtu auza tikiti 1,000, kila moja ina namba ya tarakimu tatu, kwa faranga 100 kila tikiti. Zawadi ni faranga 60,000 kwa namba moja itakayotoka. Kwa kipimo cha De Moivre, thamani ya tikiti ni zawadi ikizidishwa kwa uwezekano, yaani 60,000 kwa moja katika 1,000, ambayo ni faranga 60. Mnunuzi ametoa 100 akapokea kitu cha 60. Kuchagua 777 au 482 hakumsaidii, kwa kuwa kila moja ni namba moja tu katika 1,000. Anayeogopa 777 kwa kuwa haifanani na namba ya ovyo amechanganya tena tikiti moja na kundi zima. Akinunua kila wiki, hasara yake haipungui, bali inakuwa ya hakika zaidi. Wahenga walisema bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. De Moivre alionyesha kwa hesabu kuwa hata yako mwenyewe usiilalie.

Mstari wenye umbo la kengele

Mwaka 1733, akiwa na umri wa miaka 66, De Moivre alichapa kijitabu cha kurasa saba kwa Kilatini, akawagawia marafiki wachache. Ndani yake mlikuwa na jambo ambalo leo hutumiwa katika kila elimu inayohesabu vitu vingi. Aliuliza: tukijaribu mara nyingi, matokeo yatakwenda mbali kadiri gani na yale tunayoyatarajia? Akaonyesha kuwa matokeo hujikusanya katikati na kupungua pande zote mbili, kwa mstari wenye umbo la kengele, na kwamba upana wa mstari huo hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya majaribio. Ukijaribu mara nne zaidi, upana huongezeka mara mbili tu.

Turudi barabarani. Tulisema 28 katika magari 100. Usishangae ukipata 25 au 33. Kwa hesabu ya De Moivre, katika kila mara 20 utakazohesabu magari 100, karibu mara 19 jawabu litakuwa kati ya 19 na 37. Ukipata 10 tu, una haki ya kuuliza kama umehesabu vibaya, au kama magari yale yametoka mahali pamoja kwa mpango. Hiyo ndiyo faida kubwa ya elimu hii. Hutufundisha wakati wa kustaajabu na wakati wa kutostaajabu.

Umri wa watu na umri wake

Mwaka 1725 De Moivre alitoa kitabu kingine, juu ya malipo ambayo mtu hulipwa kila mwaka mpaka afe. Ili kuyapima malipo hayo, lazima ujue watu wa umri fulani hufa kwa kadiri gani. Alitumia hesabu za vifo ambazo Halley alizitoa mwaka 1693 kutokana na mji wa Breslau. Ili kurahisisha kazi aliweka kanuni nyepesi: kwamba vifo huja kwa idadi ile ile kila mwaka, na kwamba mwisho wa maisha ni miaka 86. Kanuni hiyo haikuwa kamili, naye alilijua hilo, lakini ilitosha kwa kazi. Mifuko ya pensheni na ya bima ya siku hizi, hata hapa Rwanda, hufanya kazi kwa elimu iliyokua kutokana na mwanzo huo. Mtu mmoja hajui siku yake, lakini watu laki moja kwa pamoja hupimika.

Yeye mwenyewe aliupita mpaka alioweka. Alifika miaka 87. Kanuni ya wengi haimfungi mmoja.

Mwisho wake

Hakuoa, wala hakuacha mali. Mwaka 1735 chuo cha wataalamu cha Berlin kilimchagua. Mwaka 1754, miezi michache kabla ya kufa kwake, kile cha Paris nacho kikamchagua. Heshima hiyo ilitoka katika mji ule ule aliofungwa, miaka karibu 70 baadaye. Alifariki London tarehe 27 Novemba 1754. Chapa ya tatu ya kitabu chake ilitoka mwaka 1756, baada ya kufa kwake.

Iko hadithi isemayo kwamba siku zake za mwisho alikuwa akilala robo saa zaidi kila siku, akapiga hesabu ya siku ambayo usingizi ungefikia saa 24, akafa siku hiyo hiyo. Ni kweli kwamba uzeeni alilala sana. Lakini hadithi ya robo saa haina ushahidi wa watu waliomjua, na haifai kumwekea muujiza mtu aliyetumia maisha yake kuondoa miujiza katika hesabu.

Wanafunzi wenzangu na ndugu zetu mliokwisha kuhitimu, nawaomba jambo moja. Chukueni daftari na kalamu, simameni barabarani, mhesabu magari 100, kisha mwandike ni mangapi yana tarakimu iliyorudiwa. Kila darasa lilete hesabu yake kwa mhariri. Tutaziweka pamoja katika toleo lijalo, tuone kama zinajikusanya karibu na 28 kama alivyotuahidi mkimbizi yule wa Vitry. Na ikiwa darasa moja litaleta 28 kamili bila ya kupungua wala kuzidi, tutaliuliza kwa upole kama kweli lilikwenda barabarani.